Kicheche hana dhambi, mwenye banda ana dhima

NDUGU msomaji, anayefuga kuku uani kwake, awe Sakina, Moshono, Ngaramtoni au Usa River, anawajua maadui zake kwa majina. Mchana ni mwewe anayezunguka angani akivizia vifaranga, na nguchiro anayepenya chini ya ua. Usiku ni kicheche, kanu na paka pori. Mji wa Arusha umepanda kuelekea msitu wa Mlima Meru, na mabonde ya mito kama Themi na Naura yanashuka kutoka mlimani hadi katikati ya makazi yetu. Wanyama hawa wanapita njia zao za zamani, na sisi tumejenga juu yake.

Swali ninalotaka tulijadili leo ni hili: Je, inafaa kumtegea sumu mnyama anayekula kuku wetu? Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza hivyo darasani, wala hakuuliza kwa udadisi tu. Mama yake, ambaye ni mjane, alikuwa amepoteza kuku tisa kwa usiku mmoja. Kuku hao ndio waliokuwa daftari, nauli na chumvi ya nyumba ile. Jirani akamshauri apake dawa ya kuulia wadudu wa shambani kwenye utumbo wa kuku na kuuacha uani usiku. "Ustadh," akaniuliza, "mama akifanya hivyo anapata dhambi?"

Wapo watakaojibu haraka kuwa mali ya Muislamu ina heshima, basi mwizi na auawe. Wapo watakaosema mnyama ni kiumbe wa Allah (SW), basi asiguswe. Kwa maoni yangu, kila mmoja ameshika upande mmoja wa kamba.

Tuanze na neno "mwizi". Mwizi ni mtu mwenye akili aliyeambiwa usiibe, naye akaiba. Kicheche si mukallaf. Hakupewa amri akaasi, na riziki yake aliipangiwa na Mola yule yule aliyetupangia sisi yetu. Qur'an katika Suratul An'aam, aya ya 38, inatufahamisha kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Anayemchukia kicheche kama mhalifu amempa dhambi asiyokuwa nayo, na hasira hiyo ndiyo inayowapeleka wengi kwenye sumu.

Hata hivyo, Uislamu haukumwacha mwenye mali mikono mitupu. Katika hadithi ya Bibi Aisha (RA) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametaja viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, na mwewe ni mmoja wao, pamoja na kunguru, nge, panya na mbwa mkali. Hivyo basi, mjane hatakiwi kukaa barazani akitazama vifaranga wake wakibebwa. Mafaqihi nao, wanapozungumzia kumzuia mshambuliaji, wameweka daraja: anza na lililo jepesi. Kelele zikitosha, usishike fimbo. Fimbo ikitosha, usiue.

Lakini ruhusa ya kuua ina adabu zake. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws (RA) iliyomo kwa Muslim, tumeamrishwa ihsani katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Sumu ya wadudu huua kwa kutapatapa na mateso. Zaidi ya hapo, sumu haichagui. Utumbo uliowekwa kwa ajili ya kicheche unaweza kuliwa na paka wa jirani, au mbwa wa mlinzi, au kudonolewa na kuku wale wale, au kushikwa na mtoto anayetambaa uani. Mwezi Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, mizoga ya ng'ombe iliyotiwa sumu iliua simba 6 na tai zaidi ya 70. Tai hao walikuwa wamekosa nini? Kanuni ya sheria yetu iko wazi kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lingine. Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule lilikuwa: sumu, hapana.

Je, mama afanye nini? Hapa ndipo dhima inapomrudia mwenye banda. Al-Baraa bin Azib (RA) alikuwa na ngamia aliyeingia bustani ya watu akaharibu. Mtume (SAW) akahukumu kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo wailinde mifugo yao usiku. Hukumu ile ilihusu mfugo unaoharibu, lakini naona ndani yake hekima pana zaidi: usiku wa mfugo ni juu ya mwenyewe. Yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha atawakali, leo angeambiwa afunge banda lake.

Na kufunga banda si jambo la siri. Liinuliwe juu ya ardhi, au wavu wake uzikwe chini ili nguchiro asichimbe. Matundu ya wavu yawe madogo, kwani mnyama hawa wembamba hupita palipopita kichwa. Vifaranga wakae chini ya tenga wiki za mwanzo. Mabaki ya chakula yaondolewe, maana huvuta panya, na panya huvuta nyoka. Mlango ufungwe kabla ya Maghrib, wakati ule ule ambao Mtume (SAW) ametufundisha kuwaingiza watoto ndani.

Lakini tusijidanganye. Wavu na mbao ni ghali, na kichupa cha sumu ni rahisi. Masikini hachagui sumu kwa ukatili, anaichagua kwa sababu ndiyo anayoimudu. Anayemkataza mjane sumu kisha akaondoka zake bila kuuliza banda lake likoje, ametoa nusu ya fatwa. Katika kila msikiti wetu wa Arusha mna seremala, mna mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mna vijana wenye nguvu wasio na kazi siku ya Jumapili. Kumjengea mjane banda moja ni sadaka, na ni kinga kwa kuku, kwa mtoto wa jirani na kwa kicheche pia.

Wabillahi tawfiiq.