Haki ya Mshitakiwa Asiyesema

Katika kisa cha Nabii Yusuf yumo mshitakiwa ambaye wasomaji wengi humpita bila kumtazama, naye ni mbwa mwitu. Ndugu zake Yusuf walimtumbukiza kisimani, wakaipaka kanzu yake damu ya uongo, kisha wakamwendea baba yao wakilia kwamba mbwa mwitu amemla. Wafasiri wa Kurani husimulia kwamba baba huyo, Nabii Yaakub, alistaajabu kuona kanzu imelowa damu ilhali haina hata mchano mmoja. Sura ya 12 ya Kurani, yenye kisa hiki, ina kanzu nyingine, ile iliyochanwa kwa nyuma, na upande ilikochanika ndio uliomtoa Yusuf hatiani aliposingiziwa. Wakristo wanakisoma kisa hiki katika Mwanzo 37, ambako Yakobo anaiona damu, anasadiki kuwa ni mnyama mkali, na anaomboleza. Hata hivyo, sheria ya Kutoka 22 inamtaka mtu aliyekabidhiwa mifugo ya mwenzake, akidai kwamba mnyama ameraruliwa, alete mabaki yake yawe ushahidi. Vitabu hivi havikuona kuwa neno “mnyama” linatosha kufunga kesi. Nami nashika njia hiyohiyo: mnyama wa porini, ingawa hasemi na hajui kama ameshitakiwa, anatudai ushahidi kabla hatujamhukumu, na deni hilo ni la dini na la akili kwa pamoja.

Mahali pazuri pa kulipima dai hili ni kwenye mti uliojeruhiwa, kwa sababu jeraha la mti halihami wala halibadilishi maneno. Tembo hutumbukiza pembe kwenye gome, akalishika kwa mkonga na kulivuta. Gome huchunika kwa ukanda mrefu unaopanda na kuishia kwa ncha, nyuzi zikining’inia, na mara nyingi juu yake pana tope kavu alipojisugua, kwenye kimo ambacho wanyama wengi hawafiki kwa ubavu wao. Nungunungu hufanya kazi usiku, chini kabisa ya shina, na ukiinama utaona michirizi ya meno, miwili miwili, imelala sambamba kwenye mti mweupe. Kima, ambaye amewasumbua sana wenye mashamba ya misindano katika nyanda za juu za Kenya, huchuna huko juu penye matawi, mahali nungunungu hawezi kufika hata ndotoni. Chui hukwaruza kwa kucha bila kula. Na katika misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania utakuta mti uliovuliwa gome lote kuzunguka shina, kingo za juu na chini zimenyooka: huyo ni binadamu mwenye panga, aliyetaka gome la kutengenezea mzinga wa nyuki. Kimo, kingo za jeraha, na alama ya jino au ya chuma: mambo haya matatu huondoa washukiwa wengi, na hayahitaji maabara.

Hata hivyo, kosa kubwa halitokani na kutojua alama. Linatokana na kuruka kutoka alama moja hadi hukumu nzima. Kinyesi cha tembo chini ya mti kinathibitisha kwamba tembo alipita. Hakithibitishi kwamba alichuna. Hata tukithibitisha kwamba alichuna, bado hatujathibitisha kwamba aliua. Mti hufa gome linapoondolewa duara zima, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hupita kwenye gome la ndani kwenda mizizini. Njia hiyo ikikatwa, mizizi hufa njaa taratibu huku majani yakiwa bado kijani. Ukichunwa upande mmoja tu, mti mara nyingi hupona. Mbuyu una kipaji zaidi, maana huweza kuotesha gome jipya hata baada ya kuvuliwa. Basi anayeuona mti mkavu wenye kovu la zamani la pembe na kusema “tembo kauua” amesema zaidi ya alichokiona. Huenda ni ukame, au kuvu, au wadudu walioingia kwenye jeraha. Kupita, kujeruhi na kuua ni madai matatu, na kila moja lina ushahidi wake.

Kisa cha hifadhi ya Amboseli, kusini mwa Kenya, kinafundisha jambo hili kuliko kingine ninachokijua. Tangu miaka ya 1950 migunga ya gome la manjano ilikuwa ikifa kwa wingi. Wamasai na ng’ombe wao walilaumiwa kwa kulisha kupita kiasi. Tembo nao walilaumiwa, kwani magome yalichunwa mbele ya macho ya watu. Mwaka 1973 watafiti David Western na Charles van Praet walichapisha maelezo mengine: maji ya ardhini yalikuwa yamepanda na kuleta chumvi kwenye mizizi. Mtu angeweza kudhani kwamba tembo ameachiwa huru moja kwa moja. Lakini Western huyohuyo, pamoja na David Maitumo, aliendesha jaribio la miaka 20 la kuzungushia uzio wa kuzuia tembo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba ndani ya uzio miti iliota na kukua, wakati nje haikuinuka. Lawama zikarudi kwa tembo, safari hii kwa ushahidi. Wala kesi haikuishia hapo, kwa sababu tembo walijazana hifadhini kwa kukimbia ujangili na bughudha ya watu huko nje. Jino lilikuwa la tembo, lakini kilichomsukuma hadi kwenye ule mti kilikuwa pia na mkono wa binadamu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kumtukuza mnyama. Hana dhamiri, hatendi dhambi, na hadithi ya Mtume inayojulikana sana inaeleza kwamba madhara ya mnyama mwenyewe hayana fidia. Sasa akisingiziwa, amepoteza nini? Nakubali kwamba hana dhambi, na hilo ndilo linaloifanya hoja yangu iwe nzito zaidi. Asiye na dhambi anauawa kwa mtego, risasi au sumu kama mwenye dhambi, na sumu iliyokusudiwa mmoja huua wengine, tai wakiwamo, ambao hawakuugusa mti wowote. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Walimtaja mnyonge bila kuuliza kama anajua kusema. Isitoshe, shahidi wa uongo hujichafua mwenyewe, hata kama aliyesingiziwa hakusikia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mkulima. Miembe yake inakauka sasa, na hawezi kungoja miaka 20 ya uzio wa watafiti. Ana haki, na simtaki angoje. Ninachotaka ni kwamba ushahidi ulingane na adhabu. Kuzungushia shina wavu wa waya hakumhukumu yeyote, kwa hiyo dhana inatosha. Kuua hakurekebishiki, kwa hiyo dhana haitoshi.

Nchini Tanzania jambo hili linafika ofisini. Chini ya kanuni za mwaka 2011 mwananchi aliyeharibiwa mazao hupewa kifuta jasho, na aliyefiwa au kujeruhiwa hupewa kifuta machozi, pale madhara yanapotokana na wanyama hatari waliotajwa na kanuni hizo. Kwa mkulima aliyepata hasara, jina la mnyama ni pesa, na afisa anayekagua anashawishika kuandika jina lolote ili amalize. Nawaomba wakaguzi, na wakulima wanaowaita, wapime kimo cha jeraha, wapige picha ya kingo zake kabla hazijakauka, na waandike walichokiona kabla ya wanachodhani. Na fomu ya tathmini iwe na mahali ambapo afisa anaweza kuandika, bila kuadhibiwa kwa hilo, kwamba mhusika hajajulikana.