Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Mtoto Hapewi Talaka



Ndugu yangu, daku umekula? Alhamdulillah. Leo nina jambo nimelibeba tangu wiki ya kwanza ya mfungo, nimeona nikupe na wewe ulibebe.

Usiku mmoja baada ya tarawehe binti mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Anasoma chuo hapa hapa Arusha, mwaka wa pili. Hakuja kuomba hela. Alikuja na swali la fiqhi: je, saumu inasihi kama daku yake ni maji matupu? Nikamwambia inasihi, hata bila daku inasihi, daku ni sunna na ina baraka. Kisha nikamuuliza, kwa nini maji matupu?

Wazazi wake waliachana yeye akiwa darasa la sita. Baba yupo upande wa Sakina, mama yupo Tengeru. Ada ya muhula haijamalizika, na hela ya kula ndiyo kabisa. Akimpigia baba anaambiwa, "Muulize mama yako, si ndiye aliyekuchagulia hicho chuo." Akimpigia mama anaambiwa, "Muulize baba yako, mimi nimekulea peke yangu miaka yote hii." Basi yeye amekuwa tarishi. Anapeleka maneno ya huku kule, na hakuna anayempa hata ya vocha.

Nilipofika nyumbani nikafikiria futari za pale msikitini, tende, uji, sambusa. Zinatolewa na akina baba kama yule. Sijui kama na yeye yumo. Ila najua sisi wanaume tunapenda kutoa panapoonekana.

Sasa sikiliza. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, katikati kabisa ya aya za talaka, Allah anazungumzia mtoto anayenyonya. Anamwekea baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kisha anakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Halafu anasema wakitaka kumwachisha ziwa, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Hebu tafakari hapo. Kumwachisha mtoto ziwa tu, jambo la miezi michache, Allah amewataka wakae washauriane. Sasa kumpeleka chuo miaka mitatu, kumtafutia chumba Njiro, kumlisha, hilo lifanyike kwa kurushiana maneno kupitia simu ya mtoto?

Mimi naona chuo nako ni kuachishwa ziwa. Mtoto anatoka mikononi mwenu, lakini bado hajaweza kujitafutia. Ukimkatia ghafla anadhurika, na wewe unajua binti mwenye njaa mjini anafuatwa na watu wa namna gani. Sitasema zaidi.

Utaniuliza, sheikh, huyu si ameshabaleghe? Matunzo yake bado ni juu yangu? Swali la haki, na wanavyuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaosema wajibu wa baba unakoma mtoto akibaleghe na akaweza kuchuma. Wapo wanaoendeleza wajibu huo kwa mtoto wa kike mpaka aolewe, na wapo wanaomtazama mwanafunzi aliyeshughulishwa na masomo kama mtu asiyeweza kuchuma. Muulize mwanachuoni unayemwamini kuhusu hali yako. Lakini usiitumie khitilafu ya wanavyuoni kama mlango wa kutorokea, hali wewe ndiye uliyemwambia asome.

Hata sheria ya nchi haijaishia kwenye umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema amri ya matunzo hukoma mtoto akifika miaka 18, lakini mahakama inaweza kuiendeleza ikiwa bado yupo masomoni. Usisubiri ufikishwe huko. Kuna Afisa Ustawi wa Jamii, kuna mabaraza ya usuluhishi, kuna wazee wa msikiti wako.

Na hili la mwezi huu nalo: kuna baba atapiga hesabu ya zaka yake, kisha amtumie mwanawe ada kwa nia ya zaka. Ndugu yangu, zaka haipewi mtu ambaye matunzo yake yako juu yako. Huwezi kulipa deni lako kwa haki ya maskini.

Haya, mgawane vipi? Katika Suratut Talaq Allah ameweka kipimo: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, aliyebanwa atoe katika alichopewa. Kwa hapa kwetu hilo lina maana kubwa. Wengi wenu ni madereva na waongoza watalii. Julai na Agosti hela ipo, Aprili na Mei magari yamepaki na masika yanapiga. Ukikubali kutuma kiasi kile kile kila mwezi utashindwa, utaitwa mwongo, na ugomvi utaanza upya. Kubalianeni mapema kwamba ada inalipwa msimu wa wageni, moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo, risiti anapata kila mmoja. Mama mwenye migomba au ng'ombe wa maziwa kule Meru, anayeuza soko la Tengeru, hela yake ni ndogo lakini inaingia kila wiki. Yeye anaweza kushika chakula au pango ikiwa ameridhia. Akitoa, ajue ni sadaka yenye ujira mkubwa: Ummu Salama (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kuwahudumia watoto wake wa Abu Salama, akaambiwa atoe, ana ujira kwa anachowatolea. Ila baba asiigeuze hisani ya mama kuwa zamu.

Mkopo wa Bodi nao usiupigie hesabu kabla haujatoka. Wapo wanaokosa, na wengi wanaopata hawapati wote. Kuna mafunzo kwa vitendo, kuna bima, kuna kuchapisha kazi. Muulizeni mtoto aandike vyote kwenye karatasi moja, na nyinyi muandike nani analipa nini. Allah ametuamrisha kuandika madeni, na hili ni deni.

Mama, na wewe. Usimtajie baba ada iliyoongezwa chumvi, na usimzuie mtoto kumsalimia babaye mpaka alipe. Na wewe dada uliyeolewa na huyo baba, ukiona ametuma hela chuoni usinune siku mbili. Siku moja anaweza kuwa wako.

Leo kabla ya magharibi piga simu moja. Usimpigie mtoto. Mpigie yule mliyeachana naye, hata kama hamjasemeshana tangu Idi iliyopita. Mpe salamu, usifufue ya zamani, muulize tu: "Muhula huu imebaki shilingi ngapi, na anakula nini?"

Tukutane kesho in shaa Allah. Funga njema.