Pakacha Livujalo

Wazee wa pwani walisema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Pakacha ni kikapu cha makuti. Sisi watu wa milimani tumezoea kiondo zaidi, lakini maana haibadiliki. Mtu achukuaye mzigo, na mzigo wenyewe ukawa unadondoka kidogo kidogo njiani, kila hatua huona shingo yake ikipata raha. Methali hii hutumiwa kuonyesha kwamba hasara ya mmoja huweza kuwa faraja ya mwingine. Lakini ukiitafakari, msomaji, utaona kuwa imeficha swali. Kilichodondoka kimeangukia wapi, na ni nani atakayepita nyuma akikanyage?

Nataka tulitazame swali hili katika jambo ambalo watu huona haya kulitaja, ingawa hapana mtu aliyeepukana nalo, nalo ni uchafu wa choo cha msafiri. Aliye nyumbani ana shimo lake au bomba lake. Msafiri hana. Hupita katika nchi za watu, hula na kunywa, na mwili wake haungoji afike aendako. Je, ana wajibu gani kwa mahali ambapo huenda asipaone tena maishani mwake? Hilo ndilo swali letu, nami nitalianza kwa kisa ambacho hakinipi sifa.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na wageni wawili, mume na mkewe, wakulima wa ngano kutoka nchi tambarare za Kanada. Walikuwa wamekodi gari lililojengwa kama nyumba: ndani mlikuwa na kitanda, jiko, beseni la kuoshea vyombo na choo kidogo. Chini ya sakafu palikuwa na matangi mawili, moja la maji yaliyokwisha kuogewa na kuoshewa vyombo, na jingine la choo. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha njia na kuwafasiria lugha. Tulianzia Nanyuki, tukapita Naro Moru na Nyeri, tukauacha Mlima Kenya nyuma yetu, tukashika njia ya Murang'a na kupanda kuelekea Kangari, katika miteremko ya milima ya Nyandarua. Siku ya nne taa ndogo nyekundu iliwaka mbele ya usukani. Tangi la choo lilikuwa limejaa.

Yule bwana hakufadhaika. Aliniambia kwamba kwao, katika majimbo ya Saskatchewan na Alberta, ambako barabara hunyooka katikati ya mashamba ya ngano hata macho yakachoka, miji mingi ina vituo vya kumwagia uchafu wa namna hiyo. Kituo chenyewe ni kitu duni kukitazama: sakafu ya saruji iliyoinama kuelekea kwenye tundu lenye kifuniko, na kando yake bomba la maji. Msafiri huunganisha mpira mnene kutoka garini hadi tunduni, hufungua tangi, huosha palipochafuka, hurudisha kifuniko, kisha huenda zake. Kutoka hapo uchafu hufuata mabomba hadi kwenye mitambo ya mji, au huwekwa katika tangi la chini ya ardhi mpaka lori lije kuunyonya. Baadhi ya vituo viko penye kuuzwa petroli, na baadhi katika viwanja vya kupigia kambi. Pengine hulipiwa na pengine ni bure. Hata huko, alisema, waweza kwenda mwendo mrefu bila kukiona kimoja, kwa hiyo msafiri mwenye busara huulizia kituo kabla tangi halijajaa. Kisha akaniuliza, "Hapa kwenu kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Jua lilikuwa linakuchwa. Ukungu ulikuwa ukishuka juu ya mashamba ya chai, na wachumaji walikuwa wakirudi kutoka kituo cha kununulia majani, vikapu vitupu mgongoni. Mbele yetu palikuwa na daraja dogo, na chini yake kijito kilichokwenda kwa kasi kwa sababu ya mvua. Barabara ilikuwa tupu. Hapo mimi, mwenyeji, ndiye niliyesema, "Tungoje giza liingie, tumwage pale darajani. Mvua itasafisha."

Mgeni alilitazama daraja, kisha akanitazama mimi. "Maji haya yanakwenda wapi?" aliuliza.

Msomaji, nilijua yanakokwenda. Vijito vya upande ule huingia katika mito ya Murang'a. Mito hiyo huingia Tana, na Tana huteremka katika nchi kavu hadi kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika safari hiyo yote watu na mifugo huyanywa maji yake. Tena milima ile ile ndiyo inayolijaza Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ambalo huipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Na siku hizi sehemu ya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati hupitishwa katika handaki chini ya ardhi ili kuliongezea bwawa hilo. Nami nakaa Nairobi. Maji niliyokunywa asubuhi ya kuondoka kwangu yalitoka katika milima ile. Nilikuwa nimeliona daraja, lakini sikuwa nimeuona mto.

Tuliteremka, tukabisha hodi katika nyumba iliyokuwa karibu. Mzee mwenye nyumba alitukaribisha chai kabla hatujaeleza shida yetu. Tulipoieleza alicheka kidogo, akanichukua nyuma ya nyumba, akanionyesha choo chake cha shimo. "Mwanangu," alisema, "shimo hili nililichimba pamoja na vijana wangu wawili, na kazi ilituchukua majuma matatu. Mgeni hanyimwi choo. Laleni hapa, mkitumie kama sisi tunavyokitumia. Lakini hilo tangi lenu ni la siku nne, na mmelitia dawa nisiyoijua. Nikilipokea nitakuwa nimewasaidia ninyi, na mjukuu wangu ndiye atakayechimba shimo jingine."

"Ni kweli, mzee," nilimjibu. Sikuwa na neno lingine.

Basi tulilala pale. Asubuhi tuliteremka hadi kwenye mji wenye mitambo ya kusafisha maji machafu, mahali ambapo malori ya kunyonya vyoo hupeleka shehena zao. Tukalipa ada kama wenye malori wanavyolipa, tukamwaga, tukaosha tulipochafua. Nusu ya siku ilipotea, na mafuta yaliyoteketea hayakuwa haba. Ndipo nilipojua kwamba uungwana una bei yake, na kwamba mara nyingi tunaukosa si kwa kutoufahamu, bali kwa kutotaka kuulipia.

Kisa chenyewe ni kidogo, lakini nimekikumbuka mara nyingi, maana hoja zilizonipitia moyoni pale darajani ni zile zile ambazo kila mtu hujitetea nazo. Tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza husema: ni kidogo tu, nacho hakitadhuru. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street mjini London, na watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow aliwafuata wagonjwa nyumba kwa nyumba, akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja. Baadaye iligunduliwa kwamba karibu na kisima hicho palikuwa na shimo la uchafu lililovuja, na kwamba mama mmoja alikuwa amemwaga humo maji aliyofulia nepi za mtoto wake mgonjwa. Hayo yalikuwa maji ya mtoto mchanga mmoja! Mama yule hatuwezi kumlaumu. Katika siku zake hata madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa ule huletwa na hewa mbaya. Lakini sisi tunajua. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza leo anajua zaidi juu ya kipindupindu kuliko tabibu mkuu wa wakati ule. Kutojua kulikuwa udhuru wake. Sisi hatunao tena, na elimu isiyobadili mwenendo wa mtu humwongezea hatia tu.

Hoja ya pili husema: hakuna anionaye, wala sitarudi hapa. Hoja hii ndiyo inayofunua tabia ya mtu. Nyumbani tunalindwa na macho ya jirani. Tunafagia ua kwa sababu tunapenda usafi, lakini pia kwa sababu tunachelea maneno. Tukiwa safarini macho hayo hutuacha, na kinachobaki ni dhamiri peke yake. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu ni safi, usimtazame sebuleni kwake. Mtazame katika barabara tupu, jioni, penye ukungu. Wala hapana mahali duniani palipo pa kupita tu. Daraja lile kwangu lilikuwa njia. Kwa wajukuu wa mzee yule lilikuwa mahali pa kuteka maji. Msafiri hudhani kuwa nchi inapita dirishani mwake, kumbe nchi imekaa, na ni yeye apitaye.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, nayo husema: nifanyeje, ikiwa hapana mahali palipotengwa? Hapa, msomaji, hapana budi tuseme ukweli kwa pande zote mbili. Abiria wa basi aliyekaa saa tano kitini, mama aliye na mtoto, mzee asiyeweza kujizuia, hao tukiwaambia wawe waungwana bila kuwajengea choo, tunawaonea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye kuleta afya. Na Kifungu cha 69 humpa kila mtu wajibu wa kushirikiana na wengine katika kuyalinda. Haki na wajibu vimewekwa katika sheria moja kama mikono miwili ya mwili mmoja. Mji unaopokea fedha za wasafiri, unaowauzia chai na petroli, kisha ukawafungia mlango wa choo, umetaka faida ya ugeni na kukataa gharama yake. Na nchi ikiamua, huweza. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo watu wengi walidhani hawawezi kuishi bila hiyo; nao wameishi.

Hata hivyo ukosefu wa choo haumpi kila mtu udhuru ulio sawa. Haja ya mwili haingoji, lakini tangi lina kifuniko. Yule aliyezidiwa na mwili wake tumhurumie na kumsaidia. Yule awezaye kuuchukua mzigo wake hadi mahali pake, akaumwaga njiani kwa kuwa safari ni ndefu, huyo hakuzidiwa na kitu ila uvivu. Mimi pale darajani nilikuwa wa namna hii ya pili, nami nilijidai kuwa wa namna ya kwanza.

Tena angalia jambo alilotufundisha mzee wa Kangari. Alitupa choo, akatunyima jaa. Ukarimu wa mwenyeji ni kitu kimoja, na kumfanya mwenyeji jaa lako ni kitu kingine. Tungaliweza kumwaga shimoni mwake kwa ruhusa yake, maana hakutaka kutufukuza. Lakini ruhusa aitoayo mtu kwa haya si ruhusa ya kweli. Mzigo ungekuwa umehama tu, kutoka kwa wenye gari hadi kwa mjukuu mwenye jembe. Usafi, basi, si kuuondoa uchafu mbele ya macho yako. Ingekuwa hivyo, kila mwenye kutupa angekuwa safi. Usafi ni kuuchukua uchafu wako mpaka mahali ambapo hautakuwa mzigo wa mtu asiyeufanya.

Siku moja, mwanafunzi, utakuwa ndani ya basi la shule likitoka ziara, nalo litasimama kando ya barabara juu ya bonde. Mkononi utakuwa na chupa tupu, au mwilini utakuwa na haja. Chini utaona migomba na paa la bati linalotoa moshi. Wenzako watakuambia kwamba hapana mtu. Kumbuka basi kwamba penye moshi pana mama anayepika, na maji anayopikia ameyateka mahali fulani. Ikiwa waweza kungoja, ngoja. Ikiwa huwezi, nenda ukabishe hodi. Kuomba choo hakumshushi mtu heshima. Na utakapokuwa diwani, mhandisi au mwenye kituo cha petroli, wakumbuke wapitao njia, uwajengee mahali.

Wazee walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakumo katika zawadi za mgeni peke yake; kumo hata katika alama anazoacha nyuma yake anapokwenda. Mimi niliokolewa na mgeni aliyeuliza maji yanakwenda wapi. Lilikuwa swali la mtu mmoja, wala halikugharimu kitu kuliuliza. Jizoeze kuliuliza wewe mwenyewe, kabla hajatokea mgeni wa kukuuliza.