Amana Katika Diski Mbili

Wasomaji wa mwambao hawahitaji kufundishwa tofauti ya mkopo na amana. Aliyekopa pishi ya mchele hulipa pishi nyingine iliyo mfano wake, wala hakuna amdaiye punje zile zile. Aliyewekewa amana hana ruhusa hiyo: kitu alichopewa ndicho akirudishe, chenyewe. Tofauti hii naijua tangu ujana, na sikudhani kwamba siku moja ingenitesa mbele ya meza ya fundi wa kompyuta, hapa Nyamagana, katika mtaa wa Makoroboi, ambao jina lake latokana na taa za mafuta zilizokuwa zikifuliwa humo kwa makopo makuukuu.

Kompyuta yangu ya mpakato ilikuwa imeanza kugonga ndani kwa ndani, mfano wa mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Fundi, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akaiweka sikioni, akasema, "Mzee, diski hii inakata roho. Tuhamishe kila kitu kabla haijafa."

Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya marehemu. Malenga mmoja wa Ukerewe, ambaye macho yalikuwa yamemwishia, aliniimbia mashairi yake 31 ya Kikerewe ili niyafasiri kwa Kiswahili. Sharti lake lilikuwa moja: "Ukishafasiri la mwisho, ifute sauti yangu. Maneno yabaki, mimi niende." Nikakubali. Yeye amekwisha kwenda, na mimi nimefasiri mashairi 27. Uvivu wangu ndio uliomweka.

Nilimwuliza fundi kwa nini asinakili mafaili yangu tu, akaiacha mingine. Akanieleza kwa subira. Mfumo wa uendeshaji hauhami kama vyombo vya nyumbani, kiti leo na kitanda kesho. Mashine inapowashwa hutafuta maelekezo ya kuamkia mahali maalumu katika diski, na yasipokuwapo mahali pale haiamki, hata mafaili yote yakiwamo. Kwa hiyo hunakiliwa sekta kwa sekta, kila kitu mahali pake, pamoja na takataka. Tena diski mpya ilikuwa ya gigabaiti 480 na ya zamani 500, ikabidi kwanza ile sehemu kubwa ipunguzwe ndipo ienee. Tukaketi. Sekta chache ziligoma kusomwa, programu ikaziruka na kuendelea.

Kazi ilipokwisha tuliziunganisha diski zote mbili kwa pamoja, na hapo nikaona jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Nakala ilikuwa imechukua hata namba ya utambulisho ya mwenzake. Mfumo ukaipokea moja, ukaiweka nyingine kando, ukikataa kuitumia mpaka ipewe namba mpya. Mashine haikuweza kustahimili vitu viwili vinavyodai kuwa kimoja. Mimi niliweza, nikalipa, nikaondoka na diski zote mbili mfukoni.

Usiku ule ndipo nilipojihesabu. Nilikuwa nimeahidi kufuta sauti moja, nami nimeifanya mbili. Je, nimevunja amana, au nimeilinda isife mikononi mwangu?

Hoja ya kunitetea haikuwa mbali. Ziwa hili lina shahidi wake mkubwa, Aniceti Kitereza, ambaye mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kisa cha Myombekere na Bugonoka, kisha akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe vilevile, alipokifasiri kwa Kiingereza mwaka 2002, alikirudia kile cha Kikerewe. Laiti Kitereza angaliuchoma mswada wake siku alipomaliza Kiswahili, Ruhumbika angalirudi wapi? Basi nami nikifuta sauti, namfungia njia mfasiri ajaye. Maneno ya mzee nimeyaandika yote. Lakini mahadhi hayaandikiki, wala ile pumzi aliyokuwa akiivuta kabla ya kituo.

Naungama kwamba hoja hii ilinipendeza kwa sababu ilinipendelea mimi. Kitereza alitaka kusomwa, na mswada ulikuwa wake. Mzee wangu alitaka kuondoka, na sauti ilikuwa yake. Wapenzi wa ushairi tuna tabia mbaya ya kudhani kwamba kila kizuri ni chetu sote. Ama lile swali la ipi ni sauti halisi, ya diski hii au ya ile, naliona ni la kupitishia wakati: mzee hakusema "futa ile ya asili". Alisema sauti yangu, na popote inaposikika ni yake. Amana niliyopewa haikuwa diski, ilikuwa ahadi, na ahadi hainakiliki.

Kesho yake nikarudi Makoroboi. Kufuta kwa kawaida, alinionya fundi, huondoa jina la faili katika orodha tu; lenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tukaijaza diski ya zamani sifuri mwanzo hadi mwisho. Lakini zile sekta zilizogoma kusomwa ziligoma pia kuandikwa, na hakuna awezaye kusema ndani yake mna nini: pengine tarakimu za mfumo, pengine kikohozi cha mzee. Nikaomba nyundo. Fundi alisikitika, akaomba achukue sumaku zake, nikampa.

Ile mpya ndiyo iliyonitia hofu. Haina sahani ya kuzunguka, na kila unapoandika juu ya kitu cha zamani huchagua yenyewe mahali pengine pa kuandika, hivyo huna yakini kwamba umekifikia ulichokusudia. Ipo amri ya kuifuta yote kwa mara moja, nayo huchukua kila kitu, tafsiri pamoja na sauti. Kwa hiyo nimeanza kuyanakili mashairi 27 kwa mkono, katika daftari. Manne yamebaki kufasiriwa. Jana nimelianza la ishirini na nane, na nimelisikiliza mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.