Askari Aliyeita Maji



Tukisikia kwamba askari fulani alipewa nishani, mara nyingi twauliza aliwaua adui wangapi. Timothy O'Hea hakuipata nishani yake kwa njia hiyo.

Alizaliwa Schull, katika Jimbo la Cork, Ireland, akawa askari asiye na cheo katika jeshi la Uingereza, akapelekwa Kanada. Tarehe 9 Juni 1866 yeye na wenzake walikuwa wakilinda behewa la risasi na baruti katika treni iliyotoka Quebec kwenda Montreal. Katika treni hiyo hiyo walikuwamo wahamiaji kutoka Ujerumani. Kwenye stesheni ya Danville, behewa lile likaonekana linawaka moto.

Watu wakakimbia, na ni nani atakayewalaumu? Lakini O'Hea alinyakua ufunguo mkononi mwa sajini wake, akafungua behewa, akaita aletewe maji na ngazi. Kwa mfano wake moto ule ukazimwa. Mwaka 1867 alivikwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi hilo, ingawa siku ile hapakuwa na adui mbele yake.

Katika Yohana sura ya 10, Bwana wetu asema habari za mtu wa mshahara, ambaye akimwona mbwa mwitu huwaacha kondoo na kukimbia. O'Hea alikuwa mtu wa mshahara, lakini hakukimbia. Tujifunze kwake mambo mawili.

Kwanza, waliookolewa hawakuwa jamaa zake, wala hawakuwa watu wa nchi yake. Jirani yako ni yule aliye karibu na moto.

Pili, hakusimama kutafuta ni nani aliyeuwasha. Aliita maji.

Ndugu zangu, Yakobo atuonya katika sura ya 3 kwamba ulimi ni moto mdogo uwezao kuteketeza msitu mkubwa. Nyumba ngapi katika mtaa wetu zinaungua kwa maneno? Ndugu wawili hawasalimiani kwa ajili ya shamba. Mama na mkaza mwana hawali pamoja. Nasi twasimama mbali, tukisimuliana ni nani aliyeanza. Je, mkononi mwako una ndoo ya maji, au kopo la mafuta ya taa?

Kabla hujaja Mezani pa Bwana Jumapili ijayo, nenda kwenye mlango ule unaouepuka, ukapige hodi.

Bwana atupe moyo wa kwenda. Amina.