Kugawana na Kugawiwa

Sisi walimu wa Kiswahili twajua kwamba kiambishi kidogo chaweza kubeba hoja nzima. Watu wakigawana, mkono ni wao wenyewe; wakigawiwa, mkono ni wa mwingine. Kundi lenye kiongozi huishi kati ya maneno hayo mawili. Je, kiongozi mwema ana ruhusa ya kuwaacha watu wake wadhani kuwa wanagawana, hali yeye anawagawia?

Mwezi wa Oktoba 1915, meli ya msafara wa Ernest Shackleton iliyoitwa Endurance ilipondwa na barafu katika Bahari ya Weddell, upande wa Antaktika. Watu 28 wakahamia katika mahema juu ya barafu. Mifuko ya kulalia ya ngozi zenye manyoya ilikuwa 18 tu. Watu 10 hawakuwa na budi kulala katika mifuko ya sufu, isiyozuia baridi kama ile. Shackleton hakutoa amri, bali alipigisha kura. Ikatokea kwamba yeye mwenyewe, msaidizi wake Frank Wild, nahodha Frank Worsley na maofisa wengine kadhaa wakapata sufu. Ngozi zote zikawaangukia walio chini yao. Baharia mmoja, William Bakewell, aliandika baadaye kwamba kura ile ilikuwa na hila.

Wazee husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hapa mwenye kisu alijikatia mfupa. Ni nani asiyevutwa kumsifu? Hata hivyo kura ina heshima yake. Haijui cheo, na aliyekosa hana wa kumlaumu. Anayeichezea kwa wema amefungua njia ambayo kesho mwingine ataipita kwa ajili ya tumbo lake. Tena, kutoa fungu lako ni ukarimu. Kutoa fungu la mwenzako bila kumwuliza, ikiwa hakuulizwa, ni jambo jingine kabisa.

Twakiri kwamba upo upande wa pili, nao watusumbua. Angewagawia kwa amri, kila baharia angelala usiku ndani ya fadhila ya bwana wake. Kura iliwaondolea deni hilo.

Nasi je? Tulipokuwa na wanafunzi 40 na vitabu 12, tuliandika vikaratasi, tukavikunja, tukavitia koponi, tukijua vema ni kipi kitakachomwangukia mtoto ambaye kwao hakuna taa, asiyeweza kusoma ila kabla ya jua kuchwa. Tulifanya hivyo zaidi ya mara moja, wala hatukujuta. Siku moja mwanafunzi wa safu ya nyuma akainua mkono, akaomba kwa adabu avichanganye yeye.

Tukampa kopo. Mtoto yule akakosa. Basi tukachukua nakala yetu wenyewe iliyokuwa mezani, tukamwazima mbele ya wenzake wote.