Kusali Bila Kujisikia: Je, Ni Unafiki?



Mpendwa kijana, hapa Bagara swali hili halikosekani tukikaa na vijana baada ya jumuiya: "Frateri, kama sijisikii kusali, halafu nasali hivyo hivyo, si najidanganya? Si bora nisubiri moyo uwe tayari?"

Tuanze na neno lenyewe. Mnafiki ni mtu anayewaonesha watu kitu ambacho moyoni hakitaki. Sasa wewe umefunga mlango, hakuna anayekuona, umechoka, na bado umepiga magoti. Unamdanganya nani? Mungu anajua kuwa umechoka. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba ibada ni tendo la utashi, yaani utayari wa kujitoa kwa Mungu. Hisia zikija, tushukuru. Zisipokuja, utashi bado upo.

Aristotle naye, karne nyingi kabla ya Thomas, alisema mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara. Kwa hiyo ukisubiri kwanza uipende sala ndipo usali, utasubiri sana. Upendo huo hukua humo humo ndani ya kusali.

Tazama mashamba yetu ya Babati. Mahindi na mbaazi hupandwa pamoja. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani na kuendelea, kwa sababu mizizi yake imeshuka chini kufuata unyevu. Hisia ni kama mahindi, zina msimu wake. Tabia ya sala ni mbaazi.

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alijulikana kwa kwenda Misa kila siku, pamoja na mzigo wote wa nchi. Tena alizitafsiri Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa mtindo wa tenzi. Kazi kama hiyo haikamiliki kwa siku za kujisikia tu.

Lakini tusidanganyane: tabia inaweza kufa ikabaki mazoea, mdomo unasali na mtu hayupo. Utajuaje? Usipime utamu ulioupata. Jiulize, ukitoka chumbani umemjibuje mama? Yule uliyenuniana naye, umemsalimia? Neno la Mungu lisipogusa hapo, lirudie tena kesho, taratibu zaidi.

Basi anza kidogo:

1. Chagua saa moja isiyobadilika, kabla hujawasha data. Dakika 10 zinatosha.
2. Soma Injili ya siku mara mbili. Chukua neno moja uende nalo kazini au shuleni.
3. Saa sita mchana, sali Malaika wa Bwana, hata kama uko juu ya bodaboda.
4. Ukikosa siku moja, usikate tamaa wala usilipe deni. Kesho anza upya.

Jioni hii, ukiwa huna hamu kabisa, mwambie Yesu hivyo hivyo: "Bwana, sina hamu, lakini nimekuja." Hiyo tayari ni sala, tena ya kweli.

Tuombeane.